Alipigania Mjerumani Akiwa na Miaka 10, Mjerumani Akamlipa na Kambi: Stori ya Mohamed Husen wa Dar

Kama umewahi kupanda Elgon na wasee wako kutoka Kitale, Kitum unaijua. Ile pango ndovu huingia usiku, giza totoro, kukwangua chumvi ukutani. Sasa chukua pango kama hiyo, irefushe mpaka karibu kilomita mbili, weka reli ndani, weka mashine, halafu jaza wafungwa wenye njaa na uwaambie watengeneze silaha za vita.

Hiyo si muvi. Wajerumani walifanya hivyo kweli. Ndege za Waingereza na Wamarekani zilipoanza kupondaponda viwanda vyao, waliamua kuingia chini ya ardhi. Mlima Kohnstein, karibu na mji wa Nordhausen, ulitoa roketi za V-2 na injini za ndege za Junkers. Kule Kahla walitoboa kilima wakaunda ndege za jeti, Messerschmitt 262, halafu wakawa wanazivuta mpaka juu ya kilima ambako walikuwa wamechonga uwanja wa kurukia. Akili mingi, ubaya mingi. Wafungwa kama 60,000 walipitia kambi ya Mittelbau-Dora iliyohudumia mahandaki ya Kohnstein. Karibu 20,000 hawakutoka hai.

Mimi chuo iliniacha njiani lakini vitabu hatujawahi kuachana, na vya hii mada nimesoma kadhaa. Shida yao ni moja. Zitakupa uzito wa injini, spidi, urefu wa bawa, kila kitu. Waliozishika hizo injini kwa mikono wanapewa kurasa mbili tatu, wengi hata jina hawana. Ndio maana leo nakuletea jina moja kutoka kwa kambi za Hitler. Jamaa aliongea Kiswahili kama wewe. Tena alikuwa mwalimu wa hiyo Kiswahili, Berlin.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Buda yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan, mwenye cheo kwa jeshi la Mjerumani. Enzi hizo Tanganyika ilikuwa yao. Vita ya Kwanza kulipuka 1914, kijana akaingia jeshini pamoja na mzazi wake, kazi ya kupeleka ishara. Miaka 10! Wewe ukiwa na miaka 10 ulikuwa unatumwa maziwa.

Oktoba 1917 akapigwa risasi kule Mahiwa, upande wa Lindi, kwa moja ya mapigano makali kabisa ya ile vita huku kwetu. Upande wa pili walikuwa askari wa KAR, na nyuma yao wabeba mizigo waliotolewa kila kona ya Kenya, Bungoma ikiwemo. Wale ndio waliipa mtaa wa Kariokor jina lake. Kwa hivyo usishangae kama kuka wa kuka yako na huyu kijana walikuwa kwa msitu mmoja, kila mmoja akifia mzungu wake. Waingereza walimshika Mahjub, wakamweka mateka.

Vita ikaisha, Mjerumani akafukuzwa, na deni ikabaki. Mshahara wa kijana haukulipwa, wa buda yake pia haukulipwa. Akahangaika na kazi za melini, kuhudumu mezani, mpaka 1929 akashuka Ujerumani kudai doh yao. Alienda kwa ofisi za serikali akijua ana haki. Wakamwambia amechelewa. Basi.

Hapa ndipo mimi ningerudi nyumbani, sijui wewe. Yeye alibaki. Akapata kazi ya uweita Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Berlin. Jina akalibadilisha likawa Bayume Mohamed Husen. Baadaye akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu, mshahara wa kukubembeleza tu. Wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kurudi Afrika, maana Wajerumani wengi bado walikuwa wanaota kurudishiwa makoloni yao.

Tarehe 27 Januari 1933 alimuoa Maria Schwandner, dem mzungu. Siku tatu baadaye Hitler akawa chansela. Angalia hizo tarehe vizuri. Wiki moja tu, ndoa na balaa.

Paspoti yake ilibadilishwa maandishi: si raia tena, ni mtu wa kulindwa tu. Mwaka wa 1935 sheria za damu zikaja, na kabla mwaka uishe zikawafunika Waafrika pia. Na huyu jamaa, badala ya kukimbia, aliomba nishani ya waliopigana vita ya kwanza. Wakamnyima. Akajinunulia yake, akavaa na yunifomu ya askari, akawa anasimama kwa mikutano ya wale wazee wa makoloni. Vita ya pili kuanza 1939, akajitolea tena kupigana. Wakamkataa.

Najua kuna mtu anasoma akisema huyu alikuwa kibaraka. Pole pole. Alikuwa na bibi, alikuwa na watoto, na rangi yake ilikuwa inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi naona mtu aliyeshikilia karatasi moja tu iliyobaki mfukoni: kwamba aliwahi kuwapigania.

Kingine kilichomlisha ni filamu. Aliigiza zaidi ya ishirini, nyingi ni zile za kusimama nyuma akibeba trei. Kubwa ya mwisho ilitoka 1941, inaitwa Carl Peters, na humo alicheza mkalimani wa bosi. Carl Peters mwenyewe unapaswa kumjua, maana alipita hapa. Mwaka wa 1890 alifika Mumias, Mwingereza Frederick Jackson akiwa safarini upande wa Elgon, akafungua barua za Jackson bila aibu, kisha akatimua mbio mpaka Buganda kumwekesha Mwanga sahihi. Tanganyika watu walimwita Mkono wa Damu, kwa vile alivyonyonga watu. Filamu ikamgeuza shujaa, na Mswahili wetu akasimama kando yake akitafsiri.

Wakati wa kushuti hiyo filamu akawa na uhusiano na mwanamke mwingine mzungu. Gestapo wakamkamata. Hakuna kesi, hakuna hakimu. Septemba 1941 akatupwa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin.

Hiyo kambi ndiyo iliyotoa maelfu ya wafungwa wa kuunda ndege za bomu kwa kiwanda cha Heinkel pale jirani, Oranienburg. Aprili 1944 kiwanda hicho kikapigwa mabomu. Mwaka huo Wajerumani walikuwa wanahamisha kazi ya ndege mahandakini kwa kasi, wakisomba wafungwa kambi hadi kambi. Huku kwetu Kimilili, Elijah Masinde naye alikuwa anakataa katakata watu wake wapelekwe kwa vita ya wazungu, na mwisho wake wakampeleka Mathari kama mwendawazimu.

Husen alikaa ndani miaka mitatu. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Mwaka wa 2007 mtafiti wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alitoa kitabu kizima kuhusu maisha yake. Mwaka huo huo jiwe dogo lenye bamba la shaba likawekwa kwa lami, Brunnenstraße 193, Berlin, mahali alipokuwa akiishi. Liko chini miguuni, lazima uiname ndio usome jina. Ile doh ya 1917 haikulipwa.