Abebe Bikila: Bingwa aliyetegemea miguu kuliko viatu

Wengi wanaojiandaa kwa mbio za marathoni jijini Nairobi, wawe wakazi wa Kangemi au Westlands, huanza kwa kutafuta viatu. Marehemu Abebe Bikila alitegemea zaidi miguu yake.

Alizaliwa Ethiopia mwaka 1932, akawa askari katika kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie na kunolewa na kocha Onni Niskanen kutoka Uswidi. Mjini Roma mwaka 1960, viatu alivyopewa vilimbana. Kwa kuwa alizoea kufanya mazoezi miguu mitupu, alikimbia hivyo hivyo na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1964, wiki chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, alishinda tena jijini Tokyo, safari hiyo akiwa na viatu.

Ajali ya gari ya mwaka 1969 iliilemaza miguu hiyo. Bikila hakukata tamaa: alishiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale nchini Uingereza akiwa katika kiti cha magurudumu.

Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Maelfu walihudhuria mazishi yake Addis Ababa.