Jenerali China: Askari wa Burma aliyewindwa na ndege za Mwingereza

NDEGE ambazo Waingereza walizitumia kuwashambulia wapiganaji wa Mau Mau hazijatoweka zote duniani. Katika makavazi ya Jeshi la Anga la Uingereza huko Cosford imehifadhiwa ndege ya aina ya Lincoln, mojawapo ya chache zilizosalia. Harvard nazo, ambazo ni ndogo kuliko Lincoln, zingali zinarushwa katika maonyesho nchini Uingereza na Afrika Kusini ili umma upate kuijua historia ya vita.

Kwa wakazi wa Murera na vijiji vingine vya Thika na Ruiru, historia hiyo si ya mbali. Mwaka 1953 Harvard za kikosi nambari 1340 ziliwekwa kwanza katika uwanja wa Thika, kabla ya kuhamishiwa Mweiga karibu na mji wa Nyeri. Hata hivyo, ndege iliyohifadhiwa husimulia zaidi habari za rubani. Habari za aliyekuwa chini yake msituni hazina budi kutafutwa katika maisha ya watu kama Waruhiu Itote, aliyevuma kwa jina la Jenerali China.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Mukurweini, Nyeri. Mwaka 1942, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, alijiunga na jeshi la KAR na hatimaye kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Katika vita hivyo ndege zilikuwa tegemeo la askari wa Afrika Mashariki. Divisheni yao ya 11 ilipopenya Bonde la Kabaw mwaka 1944, barabara zikiwa zimegeuka matope, chakula na risasi viliangushwa kutoka angani.

Huko ng'ambo Itote alijifunza mengi zaidi ya kulenga shabaha. Alikutana na wanajeshi wa mataifa mengine, akiwemo Mmarekani mweusi, na mazungumzo yao yakamfanya ajiulize ni kwa nini Mwafrika amwage damu kwa ajili ya uhuru ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Aliporejea nyumbani alikuta ardhi, mishahara na vyeo vingali vinagawanywa kwa rangi ya ngozi. Alifanya kazi katika shirika la reli, akajiunga na chama cha KAU, na mwaka 1950 akala kiapo cha Mau Mau.

Mnamo Agosti 1952, miezi miwili kabla ya hali ya hatari kutangazwa, aliingia msitu wa Mlima Kenya akiwa na kundi dogo la wafuasi. Ujuzi alioupata Burma wa kuvizia, kupeleleza na kujificha aliutumia kulijenga jeshi lililofikia maelfu ya wapiganaji, huku Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiongoza upande wa Nyandarua.

Serikali ya kikoloni iliitangaza misitu hiyo kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku, ambamo yeyote aliyeonekana angeweza kuuawa. Ndipo zikaja ndege. Harvard, ambazo kwa asili zilikuwa za kufundishia marubani, zilifungwa bunduki ya rashasha na mabomu ya kilo 9. Kuanzia Novemba 1953 zikafuata Lincoln, zenye uwezo wa kubeba mabomu ya kilo 450. Askari aliyewahi kuona ndege za Mwingereza zikiwalisha Waafrika waliompigania, sasa aliziona zikimwinda.

Lakini si bomu lililomwangusha. Januari 15, 1954, Itote alijeruhiwa kwa risasi katika mapambano na kukamatwa. Alihojiwa kwa muda wa saa 68 na afisa Ian Henderson, kisha akafikishwa mahakamani Nyeri kwa mashtaka ya kupatikana na risasi na kushirikiana na watu wenye silaha. Akahukumiwa kunyongwa.

Hapo ndipo sehemu nzito ya maisha yake ilipoanzia. Serikali ilimwachia uhai naye akakubali kuwaandikia wenzake wa msituni kuhusu mazungumzo ya kusalimu amri. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili mwaka huo huo, na vita vikaendelea. Wapo waliomwona kuwa msaliti tangu siku hiyo. Wapo walioona kwamba alitaka kuokoa maisha ya vijana aliowaongoza. Kimathi, aliyeendelea kupigana, alinyongwa katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, Februari 18, 1957.

Itote alipelekwa gereza la Lokitaung, Turkana, alikokuwa Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Mfungwa mmoja alipomvamia Kenyatta kwa kisu, Itote ndiye aliyeingilia kati. Aliachiliwa mwaka 1962, akapata mafunzo ya kijeshi Israeli, kisha akawa afisa wa ngazi ya juu katika Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa lililoanzishwa mwaka 1964. Alistaafu mwaka 1984.

Aliaga dunia mwaka 1993 huko Ol Kalou, Nyandarua. Aliitumikia serikali ya Kenya huru kwa miaka 20, na bado alikufa vuguvugu alilolipigania likiwa limepigwa marufuku kisheria. Marufuku hayo ya mwaka 1950 yaliondolewa mwaka 2003, na mnara wa kuwakumbuka mashujaa na waathiriwa ukazinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015.

Itote hakungoja kujengewa mnara. Mwaka 1967 alichapisha kumbukumbu zake katika kitabu Mau Mau General, akieleza jinsi vita vilivyoonekana kutoka chini ya miti. Anayetaka kuielewa kikamilifu Lincoln iliyoko Cosford, au Harvard zilizowahi kupaa kutoka Thika, hana budi kukisoma pia.