Mkwawa na Ukuta wa Kalenga

Ndugu zangu Waislamu, wengi tunamjua Mtwa Mkwawa wa Wahehe kwa vita vya Lugalo, Agosti 17, 1891, alipokiangamiza kikosi cha Zelewski. Mimi leo namkumbuka kama mjenzi.

Baba yake, Munyigumba, alipigana na Wasangu wa Merere, waliosukumwa mpaka Utengule, jirani na Mbeya ya leo. Mkwawa akairithi vita hiyo. Askari huyu mzoefu ndiye aliyeyazungushia ukuta wa mawe makazi yake ya Kalenga, karibu na Iringa, akaweka humo nyumba zake na ghala la baruti.

Oktoba 1894 Wajerumani walikuja na mizinga, ngome ikaanguka. Mwenyewe akaponyoka. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, lakini raia walimficha na kumlisha karibu miaka 4, hadi alipojiua Julai 19, 1898. Kujiua dini yetu inakataza, ila uaminifu wa watu wale ni funzo. Fuvu lake lilirejeshwa 1954, likahifadhiwa Kalenga.

Nionavyo, ngome yake madhubuti ilikuwa watu, si mawe. Nasi mijini tunapandisha kuta na kutia marumaru misikitini, huku majirani hatujuani na kamati zinagombana. Mtume (S.A.W.) ametufananisha waumini na jengo moja linaloshikana. Tulijenge hilo kwanza, Inshaallah.