David Livingstone kwenye mdomo wa Ruzizi: alitafuta mto, akaacha ushuhuda



Kila anayetoka Uvira kwenda Bujumbura kwa kupitia Kavimvira huvuka mto Ruzizi. Hata mtoto anayeuza ndagala kando ya barabara anajua maji yake yanatoka wapi na yanakwenda wapi: yanatoka Ziwa Kivu, yanashuka bondeni na kuingia Tanganyika. Lakini miaka zaidi ya 150 iliyopita jambo hilo lilikuwa fumbo kwa wasomi wa Ulaya, na mzee mmoja mgonjwa alikuja kwa mtumbwi ili alione kwa macho yake mwenyewe. Mzee huyo alikuwa David Livingstone.

Makanisani kwetu jina lake hutajwa mara nyingi, karibu kama jina la sanamu. Leo tunapenda kumweka mbele yenu kama mtu, pamoja na imani yake na makosa yake, ili tuone jinsi Mungu alivyotumia kazi ambayo mwenyewe alidhani imeshindwa.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, na familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Alipofika miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine na kusoma mstari mmoja mmoja huku akifanya kazi, na usiku alikwenda shule. Kwa njia hiyo alifika hata kusomea uganga.

Alitaka kwenda China, lakini vita vilifunga njia hiyo. Shirika la Misioni la London likamtuma Afrika ya Kusini, akafika mwaka 1841. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto, na mkono huo haukupona vizuri tena. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat.

Huko alimbatiza Sechele, mfalme wa Wakwena, mwaka 1848. Baada ya miezi michache Sechele alimrudia mmoja wa wake aliowaacha, na Livingstone akamzuia Meza ya Bwana. Moyo ulimvunjika. Aliondoka katika nchi ile akihesabu kwamba kazi yake imezaa kidogo sana. Lakini Sechele hakuiacha Biblia. Aliendelea kuwafundisha watu wake kusoma na kusali, akawahubiri hata majirani, kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1892. Mtu ambaye Livingstone alimwona ameanguka akawa mhubiri kuliko yeye.

Sifa na gharama yake

Kati ya mwaka 1852 na 1856 Livingstone alitembea kutoka kusini hadi Luanda, kisha akavuka bara zima hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Hakutembea peke yake. Wanaume wa Kimakololo walisafiri naye, wakabeba mizigo na kumuuguza kila homa ilipomshika. Aliporudi Uingereza alipokelewa kama shujaa. Mwaka 1857 aliacha shirika lake la misioni, na safari yake iliyofuata, ya mto Zambezi, ililipiwa na serikali.

Lazima tuseme pia gharama ya sifa hizo. Mke wake na watoto walikaa miaka mingi bila baba, wakihangaika. Mary alikuja kumfuata, akafariki kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Mwana wao Robert alifariki mwaka 1864 katika vita vya Marekani, mbali na baba yake. Hatuwezi kuficha mambo haya kwa kuwa tu mtu alikuwa mtumishi wa Mungu. Wachungaji na wainjilisti wetu wengi wanajua jaribu hilo: nyumba ya mtumishi inaweza kuteseka wakati kazi yake inasifiwa.

Kabambare na Nyangwe

Safari ya mwisho ilianza mwaka 1866. Livingstone alitaka kujua chanzo cha mto Nile, na pia alitaka dunia ijue ubaya wa biashara ya watumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Toka hapo mwili wake ulizidi kudhoofika. Mwaka 1869 alifikishwa Ujiji akiwa amebebwa, akakuta sehemu kubwa ya mali iliyotumwa kwake imekwisha kuibwa.

Hapa kuna jambo gumu. Mtu huyu aliyechukia utumwa alikula chakula cha wafanyabiashara wa watumwa, akasafiri katika misafara yao, akaponywa kwa huduma yao. Bila wao angekufa. Alijua hivyo, na jambo hilo lilimwuma.

Mwaka huohuo wa 1869 alivuka ziwa, akaingia nchi ya Maniema. Vidonda vya miguu vilimfunga Kabambare kwa miezi mingi, na wakati huo wote alisoma Biblia, tangu mwanzo hadi mwisho, mara nne. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Karatasi zilikuwa zimekwisha, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa majimaji ya mimea.

Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilijaa watu, wengi wao wakiwa wanawake. Ghafla watu wa wafanyabiashara walianza kufyatua bunduki katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Mamia walikufa siku ile. Livingstone aliona yote, na hakuweza kuzuia. Alikataa kuendelea na safari pamoja na wauaji hao. Akageuka nyuma, mgonjwa na bila mali, akatembea mpaka Ujiji.

Siku za Ruzizi

Ni katika hali hiyo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, alimkuta Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Alimletea chakula, dawa na barua. Baada ya siku chache wawili hao walipanda mtumbwi ulioazimwa kwa mfanyabiashara mmoja Mwarabu, wakapigiwa makasia kuelekea kaskazini kwa pwani ambayo leo ni ya Burundi. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi huingia ziwani, lakini hawakufika kuona.

Njiani Stanley alishikwa na homa, na Livingstone akamuuguza. Walipokelewa na mtemi Mukamba, kisha na ndugu yake Ruhinga, karibu na mdomo wa mto. Ruhinga aliwaeleza mito ya nchi yake mmoja baada ya mwingine. Halafu wakaingia kwa mtumbwi kati ya matete, wakaona wenyewe: maji yalikuwa yakija upande wao kwa nguvu. Ruzizi haukuwa mlango wa kutokea. Wakavuka ng'ambo, wakapita pwani ya Uvira na milima yake, kisha wakarudi Ujiji mwezi wa Desemba.

Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Ziwa letu hupokea mito mingi, lakini hutoka kwa mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Ndiyo sababu miaka ya mvua nyingi, kama hii tuliyoiona, maji hupanda taratibu hadi milangoni mwa watu na hukawia kushuka. Livingstone aliendelea kuamini kwamba Lualaba ndiyo Nile. Alikosea. Baada ya kifo chake ilithibitika kwamba Lualaba ni mto Kongo.

Waliombeba

Stanley alirudi pwani mwaka 1872 akiwa na barua zilizoeleza mauaji ya Nyangwe. Habari hizo zilisomwa Uingereza na kuamsha watu. Tarehe 5 Juni 1873 sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone hakujua. Alikuwa amefariki wiki tano kabla, tarehe 1 Mei, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Chuma, Susi na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miezi tisa hivi hadi Bagamoyo, pamoja na daftari zake. Kundi hilo lilikuwa na wanaume na wanawake, na baadhi yao walikufa njiani. Chuma alikuwa amefunguliwa katika minyororo ya watumwa akiwa kijana, mwaka 1861. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, akachukua jina la David. Bila watu hawa, Uingereza isingekuwa na kaburi la Livingstone, wala dunia isingesoma maandishi yake ya mwisho.

Tunajifunza nini?

Hatusemi kwamba kila tunda lilikuwa tamu. Stanley yuleyule alirudi baadaye kumtumikia mfalme Léopold II wa Ubelgiji, na babu zetu walijua uchungu wa utawala ule. Njia iliyofunguliwa kwa Injili ilipitwa pia na wenye bunduki.

Lakini tunaona jambo moja wazi. Livingstone alitafuta chanzo cha mto na hakukipata. Alichokipata bila kukitafuta, yaani soko la Nyangwe na wino wa majani, ndicho kilichosaidia kufunga soko la watumwa. Alimhesabu Sechele kuwa hasara, kumbe mbegu ilikuwa bado ardhini. Na alipokuwa hawezi tena kutembea, kazi yake ilibebwa na watu ambao Ulaya ilikuwa haijui majina yao.

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walipofika Uvira mwaka 1921, Livingstone alikuwa na karibu miaka 50 kaburini. Mmoja hupanda, mwingine hutia maji, mwenye kukuza ni Mungu.

Kwa hiyo, ndugu, wakati ripoti ya parokia yako ina namba ndogo, usiharakishe kuandika kwamba kazi imekufa. Ukiona uovu, uandike na uuseme, hata kama huna nguvu ya kuuzuia. Na Jumapili hii, kabla ya kumshukuru mchungaji, washukuru kwa majina wale wanaobeba: mama anayefagia kanisa, kijana anayechota maji, mzee anayetembelea wagonjwa kwa miguu. Mungu anawajua. Inafaa na sisi tuwajue.