Allidina Visram, tajiri wa mali kauli

Leo nataka tumkumbuke mfanyabiashara mmoja ambaye jina lake halimtoki mtu wa Mombasa mdomoni, lakini ukiuliza alikuwa nani, wengi watakwambia ni skuli. Kweli skuli ipo, na waliosoma pale wametapakaa dunia nzima, wengine ni mababu sasa na wajukuu wao wamezaliwa Maskati na Dubai. Lakini kabla ya skuli alikuwako mtu, na aliyeijenga skuli ile si yeye. Ni mwanawe.

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, Bara Hindi, katika jamaa ya Makhoja Ismailia. Mwaka 1863, mtoto wa miaka 12, alikuja na jahazi mpaka pwani yetu akafikia Bagamoyo. Miaka 12! Mimi nimesomesha watoto wa umri huo zaidi ya miaka 30, na nikimfikiria mmoja wao akivuka bahari bila ya baba wala mama kwenda kutafuta riziki, nashindwa. Lakini ndivyo walivyokuja wengi, wa Kutch kwa upande wao na wa Sur na Hadhramaut kwa upande wetu.

Bagamoyo siku hizo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya Tabora na Ujiji ikianzia pale na kuishia pale. Allidina alifanya kazi na Sewa Haji Paroo, ambaye alizaliwa hapohapo Bagamoyo mwaka uleule wa 1851, na baadaye akawa tajiri mkubwa wa kuandaa misafara: merikani, kaniki, ushanga, masango, baruti, na wapagazi wa kubeba. Vikirudi huko ni pembe na nta. Tusijifanye hatujui, katika njia zile walipita na watumwa, na kila pembe ilifika pwani juu ya bega la mtu. Anayeisimulia biashara ya wakati ule akaliruka hilo hajaisimulia.

Vijana waliokulia Ghuba pengine hawalijui neno mali kauli. Maana yake unachukua bidhaa dukani bila ya kulipa, kwa neno lako tu, ukiuza ndiyo unarudi na fedha. Mababu zetu wengi waliokuwa Tabora walikwenda kwa mali kauli za matajiri wa Kihindi wa pwani. Kijana akipewa bidhaa anatoweka miezi, pengine miaka, na tajiri anabaki na daftari lake na imani yake. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Huu ndio ufundi alioujua Allidina, kumtazama mtu na kujua kama atarudi.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina akaushika mzigo wa biashara ya misafara. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wameshaanza, tangu 1896, kujenga reli kutoka Mombasa. Mwenye akili ya kawaida angesema reli inakuja kuua misafara, basi tulie. Yeye aliifuata reli. Kila ilipofika akafungua duka, akawauzia vyakula maelfu ya Wahindi walioletwa kuijenga, na reli ilipofika Ziwa Victoria, Desemba 1901, maduka yake yalikuwa yameshatangulia Uganda. Kampala, Entebbe, Jinja, Kisumu, kisha ndani zaidi mpaka upande wa Kongo na Sudan ya kusini. Maduka yake yalipita mia. Alikuwa na vyombo ziwani, na pamba ilipoanza kulimwa Uganda mwaka 1903, hakukawia kuinunua na kuweka mashine za kuichambua.

Lakini nani alikaa katika maduka yote hayo? Hapa ndipo ninapompendea yule bwana. Alileta vijana kutoka kwao, wengi wao hawana kitu, akawapa kazi na pahala pa kulala. Waliokwisha jua kazi aliwaacha wajitegemee, akiwapa bidhaa kwa mali kauli kama zamani. Wahindi wengi waliokuwa na maduka Uganda, ukifuatilia asili yao, utakuta babu alianzia kwa Allidina. Na kwa sababu benki hazikuwepo bara, hata maafisa wa serikali walitegemea duka lake kupata fedha. Alitoa sadaka kwa watu wa dini yake na wasiokuwa wa dini yake. Wakamwita mfalme wa Uganda asiyekuwa na taji.

Mwaka 1916, umri wake miaka 65, alisafiri upande wa Kongo kuangalia biashara. Tajiri wa maduka zaidi ya mia, bado anakwenda mwenyewe! Alirudi na homa, na haikumwacha. Alifariki mwaka huohuo.

Mali yote ikamwangukia Abdulrasul. Nimewaza sana habari ya huyu kijana. Baba alikuwa akiijua kila hesabu, nani anadaiwa na nani ni mwaminifu. Daftari unaweza kurithi, lakini ile kumjua mtu hairithiwi. Juu ya hayo, vita vikubwa vilikuwa bado vinaendelea, na vilipokwisha bei za mazao zikaanguka, na serikali ikabadilisha fedha kutoka rupia kwenda shilingi. Nyumba za biashara zilizokuwa na wenyewe wazoefu zilitikisika, seuze hii. Naona mzee alikosea jambo moja, hakuwafanya wale makarani wake wakubwa kuwa washirika. Alijenga kila kitu juu ya kichwa chake mwenyewe, na sisi Waarabu tunaujua ugonjwa huo vizuri.

Abdulrasul hakuweza kuzishika zile mia na zaidi. Alichoweza ni kutoa fedha, wakati bado zipo, akajenga Mombasa skuli kwa jina la baba yake. Ilifunguliwa mwaka 1923. Yeye mwenyewe alikufa mapema, na nyumba ya Allidina Visram ikavunjika, maduka yakaenda kwa wengine, wengi wao walewale waliokuwa wamepewa mali kauli.

Skuli mwanzo ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Baada ya uhuru ilifunguliwa kwa kila mtoto, na darasani humo wamekaa pamoja Mhindi, Mswahili, Mwarabu na Mmijikenda. Mzee mwenyewe ana sanamu yake Mombasa, katika bustani ya Treasury Square. Ukipita adhuhuri utakuta watu wamekaa hapo kwenye kivuli cha miti, wengine wanauza maji na njugu.