Shaaban Robert, Karani Aliyejisomesha

Nilifika Sangailu, huko Ijara katika Kaunti ya Garissa, kwa shughuli ya arusi. Wenyeji ni wafugaji, lugha yao Kisomali, na watoto wao huanza duksi kama sisi wa mwambao tulivyoanza chuo. Usiku, baada ya isha, kijana mmoja aliyekwisha hitimu msahafu lakini akakosa karo ya sekondari aliniuliza kama mtu aweza kuwa msomi kwa vitabu vitupu, pasi na mwalimu.

Suali zito hilo. Sisi tulifundishwa kwamba elimu ya dini haichukuliwi kitabuni bila ya sheikh, nami silipingi neno hilo hata leo. Lakini elimu ya lugha, visa vya mataifa na hekima za waliotangulia ina mlango wake mwingine, na aliyeupita akaonekana ni marehemu Shaaban Robert. Jina la Robert lisimtatize mtu. Alikuwa Mwislamu, mwana wa Waislamu.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, karibu na Tanga. Shule aliisoma Dar es Salaam toka 1922 hadi 1926, akawa wa pili kati ya wanafunzi kumi na mmoja waliopata cheti. Basi. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka huo huo wa 1926 akaingia ukarani wa forodha, akakaa Pangani miaka mingi, akapelekwa bara katika idara ya wanyama, kisha akarudi Tanga, na hakuiacha kazi ya serikali ila mwaka 1960. Miaka thelathini na minne ya kunakili hesabu za watu wengine! Na serikali yenyewe ya kikoloni, ambayo karani mwananchi hakutazamiwa kuwa na fikira zake.

Alikuwa nazo. Alichokisoma baada ya saa za kazi twakijua kwa alichokiandika. Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, shina lake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, lakini yeye amekivua nguo za Baghdad akakivika zetu, hata msomaji hadhani kuwa kimetoka mbali. Mwaka huo huo alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Khayyam, mwanahesabu wa Nishapuri, alikufa mwaka 1131. Shaaban hakujua Kiajemi. Alimpata kwa Kiingereza cha FitzGerald, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1859.

Wako masheikh waliochukizwa na Khayyam kwa habari za mvinyo, na wako waliosema kuwa mvinyo ule ni fumbo. Mimi siwezi kuamua kati yao. Nionavyo, tafsiri ile si kazi bora ya Shaaban; mara nyingine yaonyesha uchovu wa safari ya lugha mbili. Lakini fikiri, msomaji: karani wa Tanga hakungoja aitwe na mtu kwenye meza ya Khayyam, alivuta kiti akaketi. Na hakula peke yake. Kila alichokipata alikirudisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya yule asiyejua Kiingereza.

Kuchapisha ndiko kulikomtesa. Baadhi ya mashairi yake yalipigwa chapa Afrika Kusini, mbali na wasomaji wake, na mwishoni alijaribu kuchapisha mwenyewe huko Tanga. Alifariki Juni 1962, umri wa miaka hamsini na mitatu, akaacha miswada ambayo haijaona wino.

Mmojawapo ulikuwa Kufikirika. Aliuandika mwaka 1946, na ndani yake mna ubishi juu ya namna ya kumsomesha mtoto wa mfalme. Ulitoka kitabu mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini mwaka wa tano.

Nakala yangu, iliyokatika jalada, nilimwachia kijana wa Sangailu. Aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama ipo na kamusi.