James Joule: Mtoto wa mwenye kiwanda cha bia aliyetuonyesha nguvu ya mpira inaishia wapi

Angalia vijana wanaocheza ufukweni Katonga, Kigoma, jioni wavuvi wa dagaa wakisubiri giza liingie. Mpira ukidondoka kwenye mchanga unadunda kidogo tu. Kwenye sakafu ya saruji unapanda zaidi, lakini haurudi pale ulipoachiwa.

Sasa ile nguvu imekwenda wapi? Aliyesaidia sana kulijibu swali hilo ni James Prescott Joule.

Alikuwa nani?

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 mjini Salford, Uingereza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia. Chuo kikuu hakusoma. Alifundishwa nyumbani, na baadaye yeye na kaka yake wakawa wanafunzi wa John Dalton, yule wa nadharia ya atomu.

Alipokua alifanya kazi kiwandani, na muda uliobaki ukaishia kwenye majaribio.

Hawakumwamini

Enzi hizo wengi waliamini joto ni kitu kama majimaji yasiyoonekana, yanayohama kutoka hapa kwenda pale. Joule akasema hapana, joto ni nishati. Kazi inayoonekana kupotea huwa imegeuka joto.

Mwaka 1843 aliwaeleza wanasayansi mjini Cork, Ireland. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka uliofuata, Royal Society ya London ikakataa kuchapisha makala yake.

Hakukata tamaa. Alifunga mawe ya mizani kwenye kamba, yakawa yanashuka huku yakizungusha mapangaboi ndani ya chombo cha maji. Alirudia mara 20 kwa kila jaribio, na maji yakapanda joto kwa chini ya nyuzi 1! Ndiyo maana wengi walitia shaka: kipimo chenyewe kilikuwa kidogo mno.

Kalambo ingemfaa

Mwaka 1847 alizungumza Oxford, na kijana William Thomson, baadaye Lord Kelvin, akavutiwa. Mwaka huohuo Joule alimuoa Amelia Grimes. Inasimuliwa kwamba hata fungate waliyokwenda milima ya Alps alibeba kipimajoto, apime maji ya maporomoko.

Kwa hesabu yake, maji yakianguka takriban mita 427 yanapata joto la nyuzi 1 ya Selsiasi. Maporomoko ya Kalambo, kule kusini mwa Ziwa Tanganyika, yana zaidi ya mita 200. Hapo ni kama nusu nyuzi tu.

Turudi kwenye mpira

Tuseme mpira wa gramu 430 umeachiwa kutoka mita 1, ukadunda hadi sentimita 60. Ulianza na jouli 4.2, umebaki na 2.5. Zile 1.7 zimekuwa joto kwenye mpira, hewa iliyomo na sakafu, na chache zimetoka kama ule mlio. Ukiugusa husikii joto, ni dogo mno. Kwenye mchanga ndiyo zaidi, chembe zinasuguana na kumeza karibu nishati yote.

Mwisho wake

Amelia alifariki mwaka 1854, akamwachia Joule watoto wadogo. Royal Society ileile ilikuwa imeshampokea kuwa mwanachama mwaka 1850, na mwaka 1870 ikampa medali ya Copley.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 1889. Kaburini kwake imechongwa namba 772.55, kipimo chake cha kazi inayotakiwa kupasha ratili moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Fahrenheit. Na jina lake ndilo kipimo cha nishati tunachotumia hadi leo: jouli.